Van Dijk, van der Wiel, ten Hag: majina ya Waholanzi na ardhi waliyotoka

Hakuna mtu aliyepewa jina la van Utrecht, yaani wa Utrecht, akiwa anaishi Utrecht. Fikiria kidogo utaona. Mji mzima ni watu wa Utrecht, sasa ukisema "yule wa Utrecht" nani atajua unamtaja nani? Jina kama hilo lilitolewa kwingine kabisa, tuseme Gouda au kijiji fulani tu cha njiani, siku alipoingia mgeni anaitwa Jan na pale kijijini akina Jan wapo tele, watu wakawa wanahitaji namna ya kumtofautisha, Jan yupi, yule wa Utrecht, basi akawa Jan van Utrecht, akaoa hapohapo, akazaa, akazikwa hapohapo, na wajukuu ambao hiyo Utrecht hawajawahi hata kuikanyaga wakaendelea kuitwa watu wa Utrecht mpaka kesho.

Mimi naishi Uholanzi na kuna kipindi nilifanya kazi ya kupanga barua na vifurushi, kwa hiyo majina ya watu yalikuwa yanapita mikononi kutwa nzima, van der hiki, van den kile, ten, ter, op den. Wenzangu wa pale waliyaona ni majina tu, wamezaliwa nayo. Mimi yakanikamata na hayajaniachia. Ukishajua hicho nilichosema hapo juu, jina la mwisho la Mholanzi halikwambii anakoishi, linakwambia alikoondoka mtu fulani wa kwao miaka mia tatu au mia tano iliyopita, na mara nyingi ndiyo habari pekee iliyobaki kuhusu mtu huyo duniani. Kaburi halipo, picha hakuna, barua hakuna, kuna hiyo "van" tu.

Sasa kuna suala la umbali, na hili ndo tamu. Mtu akihama karibu anaitwa kwa kijiji chake, akihama mbali kijiji chake hakuna anayekijua kwa hiyo wanamwita kwa mji mkubwa wa kule kwao, akienda mbali zaidi anaitwa kwa jimbo au nchi nzima. Ni kama ukiwa Dar wewe ni Mchaga basi imeisha, ukifika Moshi wanakuuliza wa wapi, Rombo au Machame, na ukiwa Machame yenyewe wanataka kijiji na ukoo. Angalia Ruud van Nistelrooy yule straika wa zamani wa Manchester United. Nistelrode ni kijiji cha jimbo la Noord-Brabant, na Ruud mwenyewe kazaliwa mwaka 1976 Oss, mji ambao uko kilomita chache tu kutoka hapo. Yaani babu wa babu yake alihama umbali wa kutembea kwa miguu kabla jua halijawa kali, na safari hiyo fupi ndo ikaandikwa mgongoni kwenye jezi Old Trafford. Hiyo "rooy" ya mwisho ni ileile "rode" ya kijiji, maana yake ni eneo la msitu lililofyekwa watu wakapata pa kulima, na Brabant vijiji vyenye mwisho huo vipo kibao. Kwa hiyo ndani ya jina moja una msitu, una watu wenye mashoka, una kijiji, halafu una mtu anayeondoka.

Upande wa pili una De Vries. Huyu ni "mtu wa Friesland", jimbo zima la kaskazini, na wengi wa mwanzo walipewa jina hilo wakiwa ugenini ambako kijiji chao kisingemsaidia mtu yeyote kuelewa. Ni katika majina makubwa kabisa ya nchi, zaidi ya watu 70,000 wanaitwa hivyo. Wayahudi wa Amsterdam ndo walitoka mbali zaidi na majina yao yanaonyesha, kuna van Praag ambao asili ni Praha, kuna Polak ambaye ni wa Poland, kuna Frankfort. Klabu ya Ajax kuanzia 1964 mpaka 1978 ilikuwa chini ya mwenyekiti Jaap van Praag, kipindi kilekile cha akina Cruyff walipobeba Ulaya mara tatu mfululizo, na jina la mwenyekiti ni la mji mkuu wa Wacheki.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mchoraji Hieronymus Bosch, yule wa picha za mashetani na ndege wanaokula watu. Jina la ukoo wake halikuwa Bosch. Alikuwa Jheronimus van Aken, na Aken ni mji wa Aachen, uko Ujerumani leo, ndiko familia ilikotokea kabla ya yeye kuzaliwa. Yeye alizaliwa na kuishi 's-Hertogenbosch, mji ambao kila mtu anauita Den Bosch, mpaka akafa mwaka 1516. Pale nyumbani hawezi kujiita wa Bosch, pale yeye ni wa Aken, mtoto wa wale waliokuja. Lakini picha zake zilikuwa zinanunuliwa na wakubwa wa mbali, na huko mbali jina la Aken lingewapeleka watu mji mwingine kabisa, basi akasaini Bosch. Mtu mmoja ana majina mawili ya mahali, moja kapewa na wenyeji kwa sababu ya babu zake, lingine kajipa mwenyewe kwa ajili ya wageni. Van Gogh naye ni hivyohivyo upande wa ukoo, mji unaitwa Goch, uko Ujerumani lakini ukiwa hapo mpaka wa Uholanzi ni pua na mdomo.

Hayo ni majina ya miji na vijiji. Kuna kundi la pili ambalo ni kubwa zaidi na kwangu ndo zito zaidi, majina ya ardhi yenyewe. Hapa mtu hakuhitaji kuhama. Jan anayekaa juu ya tuta, Jan wa kwenye kijito, Jan wa darajani. Van Dijk, van Beek, Verbruggen. Na ukijua hivyo utaelewa kwanini van Dijk wako zaidi ya 50,000 na hawana undugu wowote, matuta ya kuzuia maji yako nchi nzima, kila tuta lilikuwa na watu wake, kila sehemu jina likazaliwa upya. Virgil van Dijk beki wa Liverpool na van Dijk anayeuza samaki sokoni hawana babu mmoja, wana aina moja ya ardhi.

Nitumie fainali ya Kombe la Dunia 2010 pale Johannesburg maana wengi wetu tuliiangalia, Uholanzi na Hispania. Chukua kikosi kilichoanza: Stekelenburg, van der Wiel, Heitinga, Mathijsen, van Bronckhorst, van Bommel, de Jong, Robben, Sneijder, Kuyt, van Persie. Tuliokuwa tunaangalia tulimwona van der Wiel anapanda na kushuka pembeni kulia, na mimi enzi hizo sikuwa najua wiel ni kitu gani. Ni hivi. Tuta likipasuka wakati wa mafuriko, maji yanaingia kwa nguvu ya ajabu pale palipopasuka na yanazunguka yakichimba chini, yanaacha shimo refu sana, mita kumi na zaidi sehemu nyingine, halizibiki. Mafuriko yakiisha watu wanarudi kujenga tuta lao lakini pale penye shimo hawawezi kupita juu yake, kwa hiyo wanalizungusha tuta pembeni. Shimo linabaki kuwa kidimbwi cha mviringo, maji meusi yametulia, hiyo ndo wiel. Ukiendesha baiskeli juu ya matuta ya mto Waal au mto Lek utakuwa unaenda moja kwa moja vizuri tu halafu ghafla njia inapinda bila sababu yoyote ya maana na kurudi ilipokuwa, ukitupa jicho pembeni kidimbwi kile pale. Hapo ndo maji yalipita. Kuna siku watu walikufa hapo, ng'ombe wakasombwa, na mtu aliyejenga nyumba jirani baadaye akaitwa van der Wiel.

Sijui jina lingine lolote ambalo limebeba maafa kwa utulivu namna hiyo.

Kipindi cha nyongeza akaingia van der Vaart, vaart ni mfereji wa kupitisha mashua. Van Bronckhorst, aliyekuwa kapteni siku ile, jina lake linatoka Bronkhorst huko Gelderland, sehemu ndogo mno ambayo ilipewa hadhi ya mji mwaka 1482 na haikukua tena, watu huiita mji mdogo kuliko yote Uholanzi, unaimaliza yote kwa dakika chache. Giovanni kazaliwa Rotterdam, mama yake ana asili ya visiwa vya Maluku na upande wa baba pia ukoo una mizizi Indonesia, kwa hiyo jina la kamji ka Gelderland lilizunguka mpaka upande wa pili wa dunia na kurudi ndo likavaa kitambaa cha unahodha.

Halafu kuna van den Berg, mtu wa mlimani, nao ni zaidi ya 50,000. Mlima gani sasa? Nchi ni tambarare, karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari, na sehemu yake ya juu kuliko zote kwa upande wa nchi ulio Ulaya, Vaalserberg kule Limburg kusini kabisa, ina mita 322 tu. Lakini ndo utamu wenyewe. Kwenye ardhi ambayo maji yanaweza kuja usiku wowote, kilima cha mchanga cha urefu wa mtu wawili watatu ni kitu kikubwa sana, ndiko unakojenga nyumba, ndiko mifugo inakokimbilia. Wana maneno mengi ya ardhi iliyoinuka kidogo ambayo sisi tungepita bila hata kuiona. Donk ni kilima cha mchanga kilichochomoza katikati ya kinamasi, yumo mwanasoka Pierre van Hooijdonk. Horst ni sehemu iliyoinuka yenye miti, yumo mwanasoka Wout Weghorst na Bronkhorst yenyewe. Upande wa sehemu za chini nako hivyohivyo, broek ni kinamasi, ven ni kidimbwi cha nyikani na yumo Micky van de Ven wa Tottenham, poel ni dimbwi, meer ni ziwa, veen ni ule udongo mweusi wa kinamasi ambao walikuwa wanauchimba, wanaukausha na kuuwasha kama kuni. Ukiwa na majina yao unaweza kuichora nchi ilivyokuwa kabla ya pampu na mashine.

Na nyingi ya ardhi hiyo haipo tena. Hili linanigusa sana. Ule udongo wa veen uliochimbwa uliacha mashimo, mashimo yakawa maziwa, maziwa yakawa yanameza vijiji upepo ukivuma, mwisho wakaamua kuyakausha. Haarlemmermeer ilikuwa ziwa kubwa la kutisha karibu kabisa na Amsterdam, wakalivuta maji kwa pampu za mvuke kuanzia 1849 mpaka 1852, na leo uwanja wa ndege wa Schiphol umekaa chini kwenye sakafu ya ziwa hilo. Ukitua pale kutoka Dar au Nairobi unatua mahali palipokuwa na samaki. Mashamba, barabara, maghala, hakuna hata tone la ziwa. Ila ukoo wa van der Meer wapo, na van der Veen wapo, nchi nzima, jina limeishi kuliko ziwa.

Ukikutana na jina linaloanza na Ver, mara nyingi ni "van der" iliyokatwa kwenye ulimi, hasa kusini na upande wa Ubelgiji. Vermeer ni van der Meer, Verhoeven ni wa shambani, Verbruggen yule kipa wa Brighton ni wa madarajani. Na "ten" na "ter" zina maana ya kwenye, sio kutoka. Ter Braak, ten Hag.

Kaskazini kwa Wafriesland hutasikia "van" sana. Wao wana mkia, -stra. Hoekstra ni anayekaa kwenye kona, Zijlstra ni wa kwenye lango la kufungulia maji, Terpstra ni wa kwenye terp. Terp ni kilima kilichojengwa na watu kwa mikono, kabla hata hawajajua kujenga matuta, miaka mia tano hivi kabla ya Kristo walianza kurundika udongo na samadi na takataka juu ya ufukwe unaofunikwa na maji, kizazi baada ya kizazi, wakajenga nyumba juu. Kile cha Hegebeintum kina karibu mita 9 na kanisa liko juu yake mpaka leo. Dijkstra ni mtu wa kwenye tuta, ndugu yake van Dijk kimaana, na wanaosoma kompyuta wote mnamjua Edsger Dijkstra, aliyebuni mwaka 1956 ile njia ya kutafuta barabara fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili. Ramani za simu zinazokuelekeza njia zimekua kutokana na mawazo ya aina hiyo. Mtu wa kwenye tuta ndo katuonyesha njia, mimi naliona ni jambo zuri.

Mashariki, Twente na Achterhoek, mambo yanageuka kabisa na hapa nitakaa kidogo. Kule jina halikuwa la damu, lilikuwa la shamba. Shamba lina jina lake, na yeyote anayeishi na kulima pale anachukua jina la shamba. Mwanaume akioa binti wa shamba fulani akahamia kwa wakwe, anaacha jina la baba yake na kubeba la shamba, watoto vilevile. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja kabaki mwingine kaenda kwa wakwe, majina tofauti. Akihama tena linabadilika tena. Watu wanaotafuta koo zao Twente wanalia kwa sababu ya hili, unamfuatilia mtu kwenye madaftari ya kanisa anapotea ghafla, kumbe hajafa, kahama tu shamba. Majina mengi ya huko yana mwisho wa -ink, ambayo ni kama kusema mahali pa watu wa fulani, kocha Guus Hiddink kazaliwa Varsseveld huko Achterhoek na Hiddink ni kwa watu wa Hidde. Kocha Erik ten Hag naye ni wa Haaksbergen, Twente, hag ni ua wa miti au kichaka kilichozungushiwa, neno lilelile lililo ndani ya jina la Den Haag. Mimi utaratibu wa shamba naona una heshima fulani, kwamba ardhi ndo inamiliki watu na sio kinyume chake, lakini kwa karani wa serikali ilikuwa balaa.

Na serikali ikaja. Napoleon aliimeza Uholanzi mwaka 1810, na tarehe 18 Agosti 1811 ikatoka amri kwamba kila asiye na jina la ukoo la kudumu achague moja na aliandikishe. Wengi hasa wa miji ya magharibi walikuwa nayo tayari zamani, amri iliwagusa zaidi wa kaskazini na mashariki ambako mtu alikuwa Pieter mwana wa Jan na inatosha, na Wayahudi wengi pia. Baada ya Wafaransa kuondoka bado kuna waliokuwa hawajaenda, ikabidi mfalme Willem wa Kwanza awakumbushe tena 1825. Kuna stori inazunguka kila mahali kwamba Waholanzi waliona ni ya kupita tu wakaandikisha majina ya kumkebehi Napoleon, na mfano unaotolewa siku zote ni Naaktgeboren, aliyezaliwa uchi. Stori hii ife tafadhali. Jina hilo lilikuwepo kabla Napoleon hajazaliwa, na maelezo yanayokubalika ni kwamba limetoka kwenye neno la Kijerumani la mtoto aliyezaliwa baada ya baba yake kufariki. Mjane, mtoto mchanga, halafu karne nzima watu wanacheka. Kilichofanywa kweli na mwaka 1811 ni kuyagandisha majina. Mtu wa Twente aliyekuwa kwenye shamba hili siku ile ya kuandikishwa alibaki na jina la shamba hili milele hata akihamia Rotterdam, na namna karani alivyosikia ndivyo alivyoandika, ndo maana leo kuna van Dijk, van Dijck na van Dyk.

Watu wa kwetu wengi wanadhani "van" ni alama ya ukubwa, kama ile "von" ya Wajerumani ambayo mara nyingi ni ya makabaila. Sivyo, van Dijk ni mkulima wa kwenye tuta. Kosa hili lilimsaidia na kumuumiza Beethoven. Babu yake alitoka Mechelen, Ubelgiji ya leo, akahamia Bonn, kwa hiyo yeye ni Ludwig van Beethoven na sio von. Huko Vienna watu walichanganya, hata kesi yake ya kugombea malezi ya Karl, mtoto wa mdogo wake aliyefariki 1815, ilikuwa inasikilizwa kwenye mahakama ya makabaila. Mwaka 1818 akaulizwa aonyeshe uthibitisho wa ukabaila wake, hana, kesi ikahamishiwa mahakama ya kawaida ya jiji. Ilimuuma sana.

Hata kwenye kupanga herufi "van" haihesabiki. Uholanzi van Dijk yuko kwenye D, kwa sababu ukiwaweka wote kwenye V nusu ya nchi itakuwa humo. Ukivuka mpaka kwenda Ubelgiji wanaiandika kwa herufi kubwa na wanampanga kwenye V. Kwenye kazi ya barua jambo hili dogo linakula muda wa watu kila siku.

Majina yalipovuka bahari yakashikana na kupoteza sura. Vanderbilt, matajiri wa reli wa Marekani, ni watu wa De Bilt, mji mdogo pembeni ya Utrecht ambao leo unajulikana kwa ofisi kuu ya hali ya hewa. Roosevelt alianza kama van Rosenvelt, uwanda wa mawaridi. Martin Van Buren, rais wa 1837 hadi 1841, ni wa Buren huko Gelderland kiukoo, na lugha yake ya kwanza nyumbani ilikuwa Kiholanzi.

Suriname, iliyokuwa koloni la Uholanzi huko Amerika Kusini, sio stori ya raha. Utumwa ulifutwa kule tarehe 1 Julai 1863, na watu waliokuwa wameandikwa kama mali kwa jina moja tu wakapewa majina ya ukoo kwenye daftari la serikali. Ya kuchagua mwenyewe hayakuwa mengi. Majina ya familia za kizungu zilizokuwepo hayakutakiwa kutolewa yalivyo, kwa hiyo yakageuzwageuzwa, Wilkens ikawa Kenswil, na De Vries ikawa Vriesde. Rudi juu kwa De Vries, mtu wa Friesland, mgeni aliyetajwa na majirani kwa alikotoka. Sasa hapa jina hilo limepinduliwa na kubandikwa kwa mtu ambaye alikotoka yeye, iwe Ghana ya leo au Angola, hakukuandikwa na mtu yeyote. Na bado miaka kumi baadaye, mpaka 1873, walilazimishwa kufanya kazi kwa mikataba chini ya uangalizi wa serikali. Mwaka 1995 kwenye mashindano ya dunia ya riadha Gothenburg, mwanadada Letitia Vriesde wa Suriname alichukua fedha ya mita 800, medali ya kwanza ya nchi yake kwenye mashindano hayo, na jina likasomwa uwanja mzima. Ninapoliona jina hilo naona vitu vyote viwili kwa pamoja na siwezi kuvitenganisha.

Na kwetu yalifika. Makaburu wa Afrika Kusini ni wajukuu wa waliokuja Cape kuanzia 1652, wakiwa na Wajerumani na Wafaransa ndani yao, na majina ya ardhi ya Uholanzi yamejaa, van der Merwe ambalo ni maarufu sana linatoka mto Merwede. Baada ya vita vyao na Waingereza baadhi wakapanda kaskazini, wengine wakatua karibu na Meru na Arusha enzi za Mjerumani, wengine nyanda za Uasin Gishu, Kenya. Wa kwanza kule Uasin Gishu mwaka 1903 walikuwa ndugu wa ukoo wa van Breda, na Breda ni mji wa Brabant, ndiko alikozaliwa Virgil van Dijk. Mwaka 1908 likaja kundi kubwa likiongozwa na mtu wa ukoo wa Jansen van Rensburg, angalia jina hilo lina vyote viwili, jina la baba na jina la mahali. Walishuka meli Mombasa, wakapanda treni mpaka Nakuru, kutoka hapo mikokoteni ya ng'ombe kwenye matope mpaka juu. Ardhi waliyogawiwa ilikuwa na watu wake, Wanandi na wengine, na ilikuwa na majina yake. Mji ukajulikana kwa namba ya shamba, 64, ndo maana wazee wa Eldoret mpaka leo wanasema Sisibo. Uhuru ulipokaribia wengi wao waliondoka. Yaani watu waliokuwa wanaitwa kwa ardhi ya Brabant walikaa Eldoret nusu karne na zaidi, na kwenye majina yao hakuna hata herufi moja ya Uasin Gishu iliyoingia, kwa sababu majina yalikuwa yameshaganda zamani.

Kama una jirani, mume, mke, bosi au mchezaji mwenye jina la hivi na unataka kumjua zaidi, kuna hazina ya majina ya ukoo ya Uholanzi kwenye intaneti, inaitwa Nederlandse Familienamenbank, bure kabisa. Andika jina bila hiyo "van" mwanzoni. Inakupa ramani mbili, ya 1947 na ya 2007, rangi inakolea pale penye watu wengi wa jina hilo. Anza na ya 1947 maana watu walikuwa hawajatawanyika sana, mara nyingi rangi imejikusanya sehemu moja tu na ukitafuta kwenye ramani ya kawaida kijiji chenyewe utakikuta humohumo au kilomita chache pembeni. Mimi nimeshaangalia ya karibu kila mtu ninayefanya naye kazi, na nawapelekea wakati wa chai.